JE, YOGA INAPUNGUZA UNENE?

Somo letu la leo limetokana na barua. Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto watano, ametuandikia akiomba ushauri. Tumeisoma barua yake mara mbili tatu, tukaona kwamba jambo analouliza si lake peke yake. Basi tumemwomba ruhusa tulizungumze hapa gazetini, bila kutaja jina lake wala kijiji chake.

Mama huyu alikuwa mkulima wa jembe la mkono kwa miaka mingi. Baadaye alifungua genge, na sasa ana duka dogo mbele ya nyumba yake. Kutwa hukaa kwenye kiti akihudumia wateja. Shambani huenda vijana. Mwili wake umeongezeka mwaka hadi mwaka. Magoti yanamuuma, mgongo unamuuma, na akichuchumaa jikoni hawezi kuinuka bila kushika ukuta. Mwaka huu alipopimwa zahanati aliambiwa ana presha. Alipewa vidonge, akaambiwa pia apunguze uzito.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Binti yake aliyeko mjini alimtumia video katika simu. Ndani yake yumo mwanamke mwembamba anayejipinda juu ya mkeka, na sauti inasema eti ukifanya yoga hiyo kwa wiki mbili tu, mafuta ya tumbo yatayeyuka. Jirani naye akamwambia, "Achana na hayo. Mimi namjua mtu anauza dawa ya kukondesha." Shangazi yake akasema yoga ni ibada ya Wahindi, asiiguse kabisa. Mama anauliza: "Nifuate lipi? Na hiyo yoga inasaidia kweli, au nitapoteza muda wangu bure?"

Tutalijibu polepole, maana ndani ya swali hilo moja mna maswali matatu.

YOGA NI KITU GANI?

Yoga ilianza India, zamani sana. Neno lenyewe limetoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, na asili ya maana yake ni kufunga pamoja kwa nira. Ninyi mnaolima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe mnaelewa upesi. Ng'ombe mmoja akivuta kushoto na mwenzake akivuta kulia, mstari wa jembe haunyooki. Wazee wa India waliona kwamba mtu naye ana ng'ombe wake wa kufunga: mwili, pumzi na mawazo. Kuwafunga wavute pamoja, hiyo ndiyo yoga.

Kitabu mashuhuri cha mafundisho hayo ni cha mtu aitwaye Patanjali, nacho kiliandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kina mafungu mafupi karibu 200. Yanayohusu namna ya kuuweka mwili hayafiki hata kumi! Mengine yote yanahusu tabia njema na kutuliza mawazo. Habari ya kupunguza tumbo haimo.

Mazoezi ya viungo tunayoyaona siku hizi yalienea hasa katika karne ya 20. Miaka ya 1930 mwalimu mmoja, Krishnamacharya, alifundisha vijana katika mji wa Mysore, kusini mwa India. Mwanafunzi wake Indra Devi alifungua darasa huko Hollywood, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwanafunzi mwingine, B.K.S. Iyengar, alitoa kitabu mwaka 1966 ambacho kimesomwa dunia nzima. Huyu Iyengar alikuwa mtoto dhaifu sana, aliugua malaria na kifua kikuu, lakini aliishi hadi umri wa miaka 95. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 21 Juni ya kila mwaka iwe siku ya yoga duniani.

Sasa tumjibu shangazi. Hakukosea kusema kwamba asili ya yoga imo katika dini za India. Lakini mtu anaweza kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi bila kusali sala yoyote isiyo yake. Huko Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi zote, baraza la maulamaa lilitoa uamuzi mwaka 2009: yoga yenye ibada za Kihindu ikakatazwa kwa Waislamu, ile ya mazoezi matupu ikaruhusiwa. Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliruhusu yoga ifundishwe kama michezo. Mwenye wasiwasi amwulize kiongozi wake wa dini. Sisi tuendelee na habari ya unene.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu na karatasi, ndugu msomaji. Usiogope, ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu, mambo tuliyojifunza kisomoni.

Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori, kama vile unga unavyopimwa kwa kilo na mafuta ya taa kwa lita. Mwili hutumia kalori hizo kutembea, kulima, kupumua, hata kulala. Zinazobaki hazitupwi. Mwili ni kama mama mwangalifu, huweka akiba, na akiba yake ni mafuta ya mwilini. Ili kilo moja ya mafuta hayo iishe, ni lazima mwili utumie kalori kama 7,700 zaidi ya zile unazoingiza.

Mama yetu ana kilo 82. Mtu wa uzito huo akifanya yoga ya polepole kwa saa nzima, hutumia kalori kama 200. Lakini ngoja kwanza. Hata kama angekaa kitini dukani saa hiyohiyo, mwili wake ungetumia kalori kama 80. Ni kama mkulima aliyeuza pamba: fedha zote alizopokea si faida, lazima atoe gharama. Kwa hiyo:

200 − 80 = 120

Faida ya saa nzima ya yoga ni kalori 120. Je, kalori 120 ni nyingi? Kijiko kimoja kikubwa cha kulia, kikijazwa mafuta ya kupikia, kina kalori 120. Ndiyo, wasomaji. Saa nzima ya kujinyoosha kwenye mkeka ni sawa na kijiko kimoja cha mafuta!

Tuendelee. Gawanya 7,700 kwa 120, utapata 64 na kitu. Yaani mama akifanya yoga saa moja kila siku, bila kuongeza chakula hata tonge moja, itamchukua zaidi ya miezi miwili kupunguza kilo moja. Na zile wiki mbili za kwenye video? Zidisha 120 kwa 14, utapata 1,680. Hata robo kilo haifiki. Kwa hiyo yule anayesema mafuta yatayeyuka kwa wiki mbili anadanganya, na hesabu yako ya karatasi imemkamata.

Kutembea kwa haraka kunazidi. Saa moja ya mwendo wa mtu anayewahi basi humtumia mama huyu kalori kama 350, faida 270. Kulima kwa jembe la mkono kunazidi tena, kama 400 kwa saa. Sasa mnaona kwa nini alipokuwa mkulima hakunenepa, ingawa alikula sahani ileile. Alipoliacha jembe, sahani haikupungua.

Tutazame na jikoni. Mama ametuambia hunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vinne vya sukari. Kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa kina kalori kama 16. Akibaki na kijiko kimoja kwa kikombe, amepunguza vijiko tisa: 9 × 16 = 144. Tena katika fungu lake la mboga akipunguza vijiko viwili vikubwa vya mafuta, ni 240 nyingine. Jumla ni 384 kwa siku, na hajatoka jasho hata kidogo. Gawanya 7,700 kwa 384: ni siku 20 hivi kwa kilo moja.

Lazima tuseme kwamba mwili si debe. Wiki za kwanza uzito waweza kushuka upesi kwa sababu ya maji, halafu ukasimama kidogo. Tena kadiri mtu anavyopungua, ndivyo mwili wake unavyotumia kalori chache. Hesabu yetu inaonyesha njia, haitoi ahadi ya tarehe.

MBONA BADO TUNASEMA AFANYE?

Hapa msomaji atasema: basi yoga haifai, tusipoteze wino. La. Tungeishia kwenye hesabu tungekuwa tumesema nusu ya ukweli.

Kwanza ni lile jambo la maumivu. Mama aliambiwa atembee. Atatembeaje na mgongo unauma? Mtu mwenye maumivu hukaa, akikaa hunenepa, akinenepa maumivu huzidi. Ni duara lisilo na mlango. Huko Boston, Marekani, watu 320 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu walifanyiwa jaribio, na matokeo yalitolewa mwaka 2017. Wengine walifundishwa yoga ya polepole, wengine walitibiwa kwa mazoezi ya viungo ya hospitali, na wengine walipewa kitabu tu cha kusoma. Wale wa yoga walipata nafuu iliyolingana na ya wale wa mazoezi ya hospitali. Huo ndio mlango wa duara letu. Yoga haimalizi mafuta mengi, lakini yaweza kumwinua mtu kitini akaanza kutembea, na kutembea ndiko kunakomaliza mafuta.

Jambo la pili ni mawazo. Wengi wetu hatuli kwa njaa tu. Tunakula kwa uchovu, kwa hasira, kwa kuwa sufuria ipo karibu. Muuza duka ana karanga na biskuti mkononi kutwa nzima! Zoezi la kukaa kimya na kufuata pumzi humfundisha mtu kuusikia mwili wake: hii ni njaa, au ni dhiki tu?

Mwaka 2005 watafiti wa Seattle, Marekani, walitangaza habari za watu zaidi ya 15,000 wenye umri wa miaka 53 hadi 57, waliosimulia uzito wao wa miaka kumi iliyopita. Wanene wasiofanya yoga walikuwa wameongezeka kilo kama 6. Wanene waliofanya yoga kwa miaka walikuwa wamepungua kilo kama 2. Watafiti wenyewe waliona kwamba yoga yao haikuwa ya nguvu kiasi cha kuchoma mafuta yote hayo. Walidhani siri iko kwenye kujisikia na kujizuia. Lakini tuwe waangalifu. Huenda watu wanaopenda yoga ndio haohao wanaojali chakula chao tangu mwanzo. Na majaribio mengine 30 yalipokusanywa pamoja mwaka 2016, ilionekana kwamba kwa watu kwa jumla yoga haikubadili uzito. Ila kwa walio wanene tayari kulikuwa na upungufu kidogo.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama ni hili: ndiyo, fanya yoga, lakini usiiweke mahali pa jembe. Iweke mahali pa nira. Kazi ya kupunguza uzito itafanywa na sahani na miguu, nayo yoga iwafunge pamoja wasivutane.

TUJARIBU

Kabla ya kuandika sehemu hii tulijaribu sisi wenyewe kwenye sakafu ya ofisi yetu. Mmoja wetu mwenye kitambi alishindwa kuyafikia magoti yake, achilia mbali vidole vya miguu. Mwingine, tulipofika zoezi la mwisho la kulala chali, alisinzia mpaka tukamwamsha. Basi tusichekane, kila mtu aanzie alipo.

Huhitaji kulipa wala kununua nguo za mazoezi. Tandika mkeka. Vaa nguo isiyobana. Usifanye ukiwa umeshiba. Kama magoti yanauma, kunja khanga mara nne uiweke chini yake.

Anza na kiti. Kaa kwenye kigoda imara kilichoegemezwa ukutani, nyayo zote chini. Inuka polepole bila kushika kitu, kisha kaa polepole. Usijitupe. Fanya mara tano, kesho sita. Hili ni zoezi la mapaja, na mapaja yenye nguvu huyapunguzia magoti mzigo. Ukiona huwezi, weka mto juu ya kigoda ili kiwe kirefu zaidi.

Kisha piga magoti na kuweka viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Ukitoa pumzi, uinue mgongo juu kama paka aliyeona mbwa. Ukivuta pumzi, uache tumbo lishuke na kichwa kiinuke kidogo. Endelea mara kumi, mwendo ufuate pumzi, si pumzi ifuate mwendo. Hapo ndipo penye tofauti ya yoga na mchakamchaka.

Halafu lala kifudifudi, viganja kando ya kifua, uinue kifua kidogo kama swila anayechungulia majanini. Wahindi nao wanaliita zoezi la swila. Kitovu kisiondoke mkekani. Ukisikia maumivu makali kiunoni, shuka mara moja.

Mwisho lala chali dakika tano, macho umefumba, ukihesabu pumzi zako. Watoto wataleta maneno, waambie mama yuko darasani.

Wenye presha na wenye ugonjwa wa macho wasisimame kwa kichwa wala kukaa muda mrefu kichwa kikiwa chini ya moyo. Wajawazito wasifanye zoezi la kulalia tumbo, na wamwulize mkunga kwanza. Na yule anayekonda bila kutaka, hasa kama ana kikohozi, homa za usiku, au anakojoa na kuona kiu sana, somo hili si lake. Aende hospitali akapimwe.

Ni nani basi anayetakiwa kupungua? Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama ana urefu wa mita 1.60. Tunapata 1.60 × 1.60 = 2.56, kisha 82 ÷ 2.56 = 32. Kwa mtu mzima, jibu likifika 25 uzito umezidi, likifika 30 ni unene wa kuleta maradhi. Likiwa chini ya 18 na nusu, mtu huyo anahitaji kuongezwa chakula, si mazoezi ya kukonda.

ILE DAWA YA JIRANI

Dawa nyingi za namna hii humfanya mtu aharishe au akojoe sana. Mizani itashuka, ni kweli, lakini kilichotoka ni maji. Akinywa maji yanarudi. Zipo mbaya zaidi. Dawa moja iitwayo sibutramini iliondolewa madukani Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kudhuru moyo. Hata hivyo, baada ya hapo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kwa jina la miti shamba. Dawa hiyo hupandisha presha. Fikiria mama wa presha anayeinywa bila kujua!

BARUA YA PILI

Tulimjibu mama kwa posta, mapema kuliko gazeti hili. Baada ya miezi minne ametuandikia tena. Yoga hufanya nusu saa alfajiri, kabla ya kufungua duka. Jioni hutembea na mwenzake hadi kwenye daraja na kurudi. Sukari amepunguza, ingawa anasema wiki ya kwanza chai ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Mizani ya zahanati inaonyesha kilo 78. Zile hesabu zetu zilitaka zaidi, lakini kulikuwa na harusi mbili hapo katikati, naye hakutuficha. Anachofurahia zaidi si kilo. Anasema siku hizi anachuchumaa mafigani na kuinuka bila kushika ukuta.

Mwishoni ameuliza kama sasa aache vidonge vya presha, maana anajisikia mzima. Tumemjibu siku hiyohiyo kwa simu, hatukungoja posta: asiache hata kimoja. Presha haisikiki mwilini, hupimwa. Aende zahanati na daftari lake la uzito, amwonyeshe mganga, na mganga ndiye atakayesema.

Nawe msomaji, gawanya 78 kwa 2.56 utuambie mama amefikia wapi.